Bunduki Ipo, Boliti Haipo: Mwongozo kwa Mtunza Silaha za Kale Aliyeibiwa Vipuri

Bunduki nzima ikiibwa, ndoano inabaki tupu ukutani na kila anayeingia anauliza. Kipuri kikiibwa, bunduki inabaki palepale. Wanafunzi wanapita, mlinzi anahesabu bunduki kumi na mbili jioni kama alivyohesabu asubuhi, na taarifa ya mwaka inaandikwa kwamba mkusanyo uko salama. Boliti, mtambo wa gumegume au jani la shabaha linaweza kuondoka leo na pengo lake kuonekana baada ya miaka mitano, siku mtafiti atakapoomba kuishika bunduki hiyo mkononi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtunza makumbusho madogo ya wilaya, ya misheni au ya shule, na kwa familia iliyorithi silaha ya babu na kuimiliki kwa kibali. Kufuli tutaligusa kidogo. Nafasi kubwa tumeipa orodha ya vipuri, kwa sababu bila orodha hutajua umeibiwa nini, na polisi hawatajua watafute nini.

KWA NINI MWIZI ANACHUKUA KIPURI NA KUACHA BUNDUKI

Ukijua kipuri kinakwenda wapi, utajua kipi ukilinde kwanza.

Soko la kwanza ni la wakusanyaji, wengi wao wa ng'ambo. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na desturi ya kupiga namba ya bunduki kwenye sehemu zake karibu zote. Vipande vidogo, hata skrubu, vilipata tarakimu mbili za mwisho. Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado wanaibeba vita vilipoanza hapa kwetu mwaka 1914, ina thamani kubwa zaidi namba zake zote zikilingana. Mwenye bunduki iliyopungukiwa anatafuta fimbo ya kusafishia, pete ya mkanda au boliti, na kipande cha namna hiyo kinasafiri ndani ya bahasha.

Soko la pili ni la madini. Bamba la kitako na kikingio cha kifyatulio kwenye bunduki nyingi za zamani ni vya shaba ya njano, na muuza skrepa hapimi historia, anapima kilo. Bunduki za fatila za Omani zina pete za fedha zinazoushika mtutu kwenye ubao wake, na pete hizo huvuliwa moja moja. Ndugu zetu wa Muscat na Nizwa wenye bunduki za ukoo nyumbani wazihesabu pete hizo kama wanavyohesabu vito vya mama.

Soko la tatu ndilo linalopaswa kukunyima usingizi. Kipuri cha bunduki ya kale kinaweza kuifufua bunduki nyingine. Mtambo mzuri wa gobori hufungwa kwenye bomba na ubao mpya, na silaha hiyo inaingia porini na majangili. Boliti ya Lee-Enfield iliyotoka kwenye kabati la kioo inaweza kutiwa kwenye Lee-Enfield nyingine iliyokuwa chuma kitupu, na silaha hiyo ikaua. Kwa hiyo wizi huu usiuone kama aibu ya ofisi ya kumalizwa kimyakimya. Ni jambo la usalama wa watu, na unaripotiwa siku hiyohiyo.

ONYO KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Gobori lililoning'inia ukutani miaka themanini linaweza kuwa bado limeshindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi. Usilielekeze kwa mtu, usivute mtambo wake, usivute sigara karibu, wala usilete mashine ya kukata chuma.

Kujua kama limeshindiliwa: laza bunduki, mdomo ukielekea ukuta mnene wala si mlango. Kaa pembeni yake. Chukua fimbo nyembamba ya mti, si ya chuma, uiingize taratibu hadi igote bila kuisukuma kwa nguvu. Tia alama ya chaki pale mtutu unapoishia. Itoe, uilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ncha ya fimbo ikifika usawa wa tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia kabla ya tundu, hata kwa pengo dogo, chukulia kuna kitu ndani: iache hapo, funga chumba, waite polisi walete fundi wa silaha. Bunduki za kufungulia nyuma, kama Martini-Henry na Mauser, fungua uangalie kwa macho. Kama hujui kuifungua, usijifunzie siku hii.

SAA ZA KWANZA: FANYA HAYA KWA MPANGILIO HUU

1. Simamisha shughuli za chumba hicho. Wageni watoke, mlango ufungwe, ufunguo ushikwe na mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa.

2. Usiirudishe bunduki ukutani, wala usiifute. Alama za vidole huweza kubaki kwenye chuma, na vumbi lenyewe ni ushahidi, kama tutakavyoona. Ukilazimika kuigusa, vaa glavu na uishike mahali ambapo mwizi hakuwa na haja ya kushika.

3. Piga picha kabla ya kuigusa: chumba kizima, kabati, bunduki nzima pande zote mbili, kisha pengo lenyewe kwa karibu na rula kando yake. Washa tochi kutoka ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Mwanga wa mbele huificha.

4. Kagua bunduki zote, hata kama pengo liko kwenye moja. Aliyejua kuchomoa boliti moja bila kuonekana huenda alirudi.

5. Andika saa, tarehe, nani aligundua, na nani aliiona bunduki hiyo ikiwa kamili mara ya mwisho. Swali hili la mwisho ndilo gumu. Andika jibu la kweli, hata kama jibu ni kwamba hakuna anayekumbuka.

6. Weka pembeni daftari la wageni, daftari la funguo, kumbukumbu za watafiti na za mafundi walioingia kutengeneza umeme au dari. Kama kuna kamera, toa nakala ya picha zake leo, kwa sababu mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku kadhaa.

7. Nenda kituo cha polisi. Tanzania utapewa namba ya RB, Kenya nambari ya OB. Usitoke bila hiyo namba.

KIMEIBWA, AU HAKIKUWAPO TANGU AWALI?

Hapa watunza wengi wanakosea, na kosa lake linaweza kumvunjia mtu kazi na jina. Silaha nyingi zilizo kwenye mikusanyo ya Afrika Mashariki zilifika zikiwa pungufu. Nyingine zilinyang'anywa wenyewe wakati wa ukoloni na kuvuliwa mitambo ili zisipige tena. Nyingine ziliokotwa kwenye uwanja wa vita. Nyingine zilitengenezwa upya na mafundi wa vijijini kwa vipande vya bunduki mbili tatu. Kabla ya kumtaja mtu, iulize bunduki yenyewe.

Anza na mifereji ya skrubu. Skrubu isiyoguswa kwa miaka mingi ina mfereji mweusi, wenye kutu laini na vumbi lililogandamana. Ikifunguliwa juzi, kingo za mfereji zinang'aa, na mara nyingi bisibisi isiyo saizi yake imeacha mkwaruzo pembeni. Mkwaruzo unaong'aa ni wa karibuni. Mwambao wa Pwani haukiachi chuma kitupu king'ae muda mrefu, chumvi ya hewani hukitia wekundu mapema.

Angalia ubao chini ya pengo. Palipofunikwa na bamba la shaba kwa miongo mingi pana rangi tofauti, aghalabu nyeusi zaidi au yenye ukijani wa shaba, na kingo zake ni kali. Kama pengo ni la zamani, ubao umekwisha kufanana na majirani zake, una vumbi, mafuta ya mikono, pengine hata nyumba ya nyigu ndani ya tundu la skrubu. Nyumba ya nyigu hakuna mwizi anayeweza kuighushi.

Kisha soma namba. Kwenye Lee-Enfield fupi iliyoingia jeshini Uingereza kuanzia 1904, namba ya bunduki hupigwa kwenye mwili wake, kwenye mtutu, nyuma ya mpini wa boliti, kwenye jani la shabaha, kwenye kofia ya mbele na chini ya ubao. Kama boliti ipo lakini namba yake hailingani, yako mambo mawili: ilibadilishwa jeshini zamani, jambo la kawaida kabisa, au mtu ameichukua ya asili na kuweka nyingine. Jibu litatoka kwenye picha za zamani tu. Mwizi anayebadilisha ni hatari kuliko anayechukua na kwenda zake, maana anajua unachohesabu.

Mwisho tafuta picha. Albamu ya ufunguzi wa makumbusho, picha za mgeni rasmi, kalenda, kitabu cha wageni, simu za walimu walioleta wanafunzi mwaka jana. Picha ya mwanafunzi aliyesimama mbele ya kabati akitabasamu imeshawahi kuwa na habari zaidi ya rejista nzima. Ikuze, tafuta kipuri nyuma ya bega lake.

POLISI, SHERIA NA MWAKA ULIOTENGENEZWA

Watu wengi hudhani kwamba bunduki ikiwa kuukuu basi sheria ya silaha imeiacha. Sivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha haramu, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama wake, inataja vipuri kwa jina: mtutu, mwili wa bunduki, boliti na kizibo cha nyuma vyote vimo. Itifaki hiyohiyo inaiachia kila nchi iamue silaha ipi ni ya kale, lakini inaweka mpaka: iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Lee-Enfield fupi, hata ikiwa imetoboka kwa mchwa, iko upande wa pili wa mpaka. Mauser ya 1871 na Martini-Henry nyingi ziko upande huu, lakini ni sheria ya nchi yako inayosema kama hilo linakupunguzia masharti.

Kwa hiyo unapoandikisha maelezo, usikubali yaandikwe "chuma cha bunduki ya zamani". Taja aina, mwaka kama unajulikana, namba, na useme kama kipuri kinaweza kufanya silaha nyingine ipige. Omba shauri lifike kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwa ofisi inayosajili silaha. Kenya, pia kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Kama wewe ni mwenye kibali binafsi, chukua kibali chako na uende nacho. Anayechelewa kuripoti huulizwa maswali ambayo aliyewahi haulizwi.

Kuna sheria ya pili unayopaswa kuitumia, ile ya malikale. Kenya, kwa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni malikale. Gobori lililoshuka pwani na misafara ya pembe za ndovu limo humo. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mwaka 1863 kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu, na vipo vingine vinavyolindwa kwa kutangazwa. Peleka nakala ya ripoti Makumbusho ya Taifa na Idara ya Mambo ya Kale. Kenya, Makavazi ya Kitaifa. Faida yake ni hii: shauri la malikale linafungua mlango wa forodha na wa Interpol, ambako shauri la wizi mdogo halifiki.

Interpol ina kanzidata mbili zinazokuhusu, moja ya kazi za sanaa na malikale zilizoibwa, nyingine, iitwayo iARMS, ya silaha. Huwezi kuandikisha mwenyewe. Ofisi ya Interpol ya nchi yako ndiyo inayoandikisha, kwa ombi la polisi, na wataomba picha na maelezo yaliyokamilika. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutumia programu ya simu ya Interpol iitwayo ID-Art, iliyotoka 2021, kutafuta humo na kuandaa kumbukumbu za vitu vyako.

*Jambo dogo lenye uzito:* polisi wakiichukua bunduki kuwa kielelezo, iandikishwe hati ya kuipokea inayotaja kila kipuri kilichomo siku hiyo, isainiwe pande zote mbili, na ubaki na nakala. Bila hati hiyo, bunduki itarudi baada ya kesi ikiwa na mapengo mawili na hutakuwa na la kusema.

KUTAFUTA KILICHOPOTEA

Tangaza, lakini usitangaze yote. Toa picha ya kipuri au ya kinachofanana nacho, taja aina na vipimo, na tarakimu chache za namba. Bakiza siri moja: mkwaruzo fulani, herufi ya fundi, tarakimu za mwisho. Atakayekupigia akisema anacho, mwulize siri hiyo. Matapeli huja mapema kuliko wezi.

Pita kwa wauza skrepa wa mji wako ndani ya siku mbili au tatu, ukiwa na picha mkononi na askari kama inawezekana. Shaba haikai; ikishaingia kwenye lori la kwenda kiwandani imekwisha. Pita pia kwa mafundi chuma na wauza vitu vya kale. Zungumza nao kwa heshima. Fundi anayeheshimiwa atakupigia simu siku mtu akileta mtambo wa gumegume kuutengeneza, na fundi aliyetukanwa hatakumbuka alichokiona.

Ukikiona kinauzwa, sokoni au mtandaoni, usikinunue. Ukinunua umempa mwizi bei, umegusa mali ya wizi bila kibali, na umeua kesi. Piga picha ya tangazo lote pamoja na jina la muuzaji, tarehe na bei, umpelekee mpelelezi. Usimwandikie wala usimpigie muuzaji kumtishia, atafuta tangazo kabla hujakata simu.

Wala usikate tamaa kwa sababu ya muda. Mwaka 1971 bunduki iliyotengenezwa na Johann Christian Oerter huko Pennsylvania mwaka 1775 iliibwa kwenye maonyesho ya Valley Forge, Marekani. Ilipatikana 2018, miaka 47 baadaye, mkononi mwa mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyeinunua bila kujua historia yake. Fundi alikuwa ameichonga jina na mwaka, wataalamu walikuwa wameiandika na kuipiga picha kabla haijaibwa, kwa hiyo haikuweza kujificha ilipojitokeza tena. Mwaka 2019 ikawekwa kwenye Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani, Philadelphia. Kipuri chako kisicho na picha kinaweza kuuzwa mbele ya macho yako na usiweze kuthibitisha lolote.

KUHUSU WATU WA NDANI

Ni lazima lisemwe. Kipuri hakichomolewi na mtu anayepita dakika mbili mbele ya kioo. Anayekichukua mara nyingi ana sababu ya kuwa peke yake na bunduki: mfanyakazi, fundi wa muda, mtafiti mwenye barua nzuri, mjomba aliyeombwa kupaka mafuta. Lakini uchunguzi ni kazi ya polisi. Usimfungie mtu ofisini, usimkate mshahara "hadi kipuri kirudi", usiwapange watumishi mstari na kuwaapisha. Nimeona vitendo hivyo vikivunja mikusanyo kuliko wizi wenyewe, kwa kuwa aliyedhalilishwa bila kosa ndiye aliyekuwa akijua bunduki zote kwa majina, naye haongei tena.

Weka njia moja ya kurudisha bila maswali, kama polisi wamekubali: sanduku la kanisa au la msikiti, au mzee anayeaminika. Vipuri vilivyochukuliwa na kijana kwa tamaa ya siku moja vina tabia ya kurudi kwa njia hiyo.

PENGO LIJAZWE?

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua boliti ya bunduki mbovu ya stoo na kuitia kwenye ile ya maonyesho. Kataa. Umeharibu ushahidi wa bunduki mbili kwa mpigo, na mtafiti wa kesho atasoma namba mbili zisizolingana na kujenga juu yake hadithi ya uongo. Tukumbuke kwamba bunduki hizi ni nyaraka. Wahehe walipolishinda jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, walichukua bunduki zake. Hadi leo, kujua kama Mauser fulani ilipitia mikono hiyo kunategemea namba na alama zilizo juu ya vipande vyake, na kipande kigeni kimoja kinatosha kuipoteza njia.

Kama pengo linasumbua macho, tengeneza nakala ya mbao au plastiki ngumu isiyoweza kufanya kazi, iandike NAKALA na mwaka upande uliofichika, uingize kwenye rejista. Au liache pengo wazi na uweke kikaratasi kinachosema kipuri kiliibwa, mwaka gani, na namba ya simu ya ofisi. Mimi napendelea hili la pili. Wageni husoma kikaratasi hicho kwa makini, na wengine wana habari.

ORODHA YA VIPURI: NAMNA YA KUIANDAA

Rejista nyingi zina mstari mmoja kwa bunduki: "Bunduki ya Kijerumani, nzima." Neno "nzima" halitakusaidia mahakamani. Fanya hivi, bunduki moja baada ya nyingine:

1. Hakikisha ni tupu, kwa njia iliyoelezwa juu.

2. Ipe ukurasa wake. Andika kila kinachoweza kutoka bila kukata: mdeki au fimbo ya kusafishia, boliti au mtambo, jani la shabaha, magazini, kofia ya mbele, pete za mkanda, pete za mtutu, bamba la kitako, kikingio cha kifyatulio, skrubu za nje, singe kama ipo. Kando ya kila kimoja: kipo au hakipo, namba, alama, kasoro. Kisichokuwapo kiandikwe hivyo leo. Ndiyo kinga ya watumishi wako. Vipengele vya msingi vya maelezo vimewekwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho Object ID, kilichozinduliwa 1997 na kinachosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Kifuate na polisi wa nchi yoyote watakuelewa.

3. Piga picha pande mbili, juu, chini, kisha kila kipuri kwa karibu pamoja na rula. Mifereji ya skrubu ipigwe picha pia. Kazi hii huonekana ya kupoteza muda hadi siku inapohitajika.

4. Pima uzito. Mizani ya dukani inayosoma gramu inatosha. Lee-Enfield fupi ina karibu kilo 4, na boliti ikitoka mizani inasema palepale, hata kabla jicho halijaona. Ubao hunywa unyevu wakati wa masika na kupoteza wakati wa kiangazi, kwa hiyo linganisha vipimo vya msimu mmoja na usishtuke kwa gramu chache.

5. Tia namba ya mkusanyo kwenye kila kipuri kikubwa. Usichonge wala usigonge kwa patasi. Safisha mafuta sehemu ndogo iliyofichika, paka tabaka jembamba la Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, liache likauke, andika namba kwa wino wa kudumu, kisha paka tabaka la pili. Ikihitajika itaondolewa kwa asetoni bila kudhuru chuma. Fanya mahali penye hewa, mbali na moto.

6. Tunza nakala mbili, moja nje ya jengo. Orodha ikikaa kwenye droo ya chumba kilekile cha bunduki, mwizi ataichukua kwanza.

Baada ya hapo, boliti na mitambo inayochomoka kirahisi unaweza kuitunza kwenye sefu tofauti na bunduki, kila kimoja kwenye mfuko wenye namba yake. Hilo huondoa hatari ya silaha kupiga, ila lina sharti: kila kutoka na kuingia kwenye sefu kuandikwe na watu wawili. Vipuri vingi vinavyosemwa vimeibwa vilitenganishwa na bunduki kwa nia njema, aliyevitenganisha akastaafu, na hakuna aliyejua kisanduku kilipo. Kabla ya kwenda polisi, fungua stoo uangalie.

UKAGUZI WA KILA ROBO MWAKA

☐ Bunduki zimehesabiwa kwa vipuri, si kwa ndoano.
☐ Mkaguzi wa safari hii siye mshika funguo.
☐ Uzito umepimwa na kuandikwa.
☐ Mifereji ya skrubu imelinganishwa na picha.
☐ Namba za boliti zimesomwa, hazikukisiwa.
☐ Kila mtafiti au fundi aliyeingia ameandikwa: jina, kitambulisho, bunduki alizogusa, saa, na mtumishi aliyekaa naye.
☐ Kilichopungua kimeripotiwa siku hiyohiyo.

Kama mkusanyo wako hauna orodha ya namna hii, usingoje bajeti wala mfadhili. Daftari la kurasa mia, simu yenye kamera, rula na mizani vinatosha. Anza wiki hii na bunduki moja, ile ambayo boliti au mtambo wake unatoka kirahisi kuliko zote, na umwite mtumishi mwenzako akae nawe mnapoiandika, ili siku usipokuwapo awepo mwingine anayeijua.